Tumekuwa Tukibisha Mlango Sio

Wasee, leo naanza na kuomba msamaha. Wale mmenifuata kitambo mnakumbuka ile video yangu ya hospitali, ile nimesimama nje ya geti na karatasi mkononi, sauti imepanda mpaka soja anageuka kuniangalia. Mpaka leo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi. Na ilikuwa na makosa.

Ilikuwa hivi. Ndugu yangu mdogo alianguka akicheza mpira, mkono ukavunjika. Tukampeleka hospitali ya kaunti. Picha ya eksirei ilipigwa vizuri tu, hapo sina neno. Shida ilianza alipofika mahali pa kuwekwa plasta. Sista alituangalia kwa huruma, akaandika kwa karatasi: plasta, pamba, bandeji, glavu. Akatuambia twende tununue kwa duka la dawa ng'ambo ya barabara, turudi navyo. Glavu, wasee. Mathe akahesabu pesa ambazo zilikuwa za kodi ya nyumba. Mimi nikatoka nje, nikawasha simu, nikamwaga hasira yote. Nikamtaja mbunge wetu kwa jina. Nikamuuliza pesa za hospitali amepeleka wapi. Nikawaambia nyinyi mumjazie simu yake, na mkamjazia kweli.

Siku mbili baadaye mama mmoja akaniandikia kwa komenti: "Kijana wangu, hasira yako ni ya haki, lakini mbunge hahusiki na hiyo hospitali. Hiyo ni ya kaunti. Umemuuliza seneta wako?"

Nikacheka. Nikamjibu na emoji ya kulala. Lakini usiku swali likanirudia. Seneta wangu ni nani? Jina nilikuwa nalo, nimeliona kwa mabango. Kazi yake je? Hapo nilikuwa sifuri. Nimepiga kelele kuhusu siasa miaka mingapi sasa, na sikuweza kusema kwa sentensi moja seneta hufanya nini.

Mimi si wakili, na mnajua hata chuo sikumaliza. Lakini Katiba haikuulizi cheti kabla uisome. Nikakaa chini nikaisoma, sehemu ya Bunge yote, polepole. Na nimefika kwa maoni ambayo najua wengine mtayapinga: sisi vijana tumepeleka karibu kelele zetu zote kwa nyumba moja ya Bunge, na ile nyingine tumeiachia giza. Na ile tumeiachia giza ndiyo inashika mkoba wa hospitali ya mtaa wako.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo nyumba mbili. Bunge la Kitaifa ndilo kubwa, wabunge 349 ukihesabu wa maeneo bunge 290, wawakilishi wa kike 47 na wa kuteuliwa 12. Hao ndio hupitisha kodi. Mswada wa Fedha wa 2024, ule ulitutoa barabarani, ulipigiwa kura huko tarehe 25 Juni, na Seneti haikuupigia kura. Kwa hiyo siku ile kuwalilia wabunge ilikuwa sawa kabisa. Mlango ulikuwa ndio.

Lakini Seneti ni kitu tofauti. Kifungu cha 96 cha Katiba kinasema kazi yake ni kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi ya kaunti na serikali zake. Na kaunti ndizo zimepewa vitu vinavyotugusa kila siku: hospitali na zahanati za kaunti, ambulensi, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya mtaani, masoko, taka, barabara za kaunti. Pesa ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, Seneti iko ndani. Pesa ikigawanywa kati ya kaunti na kaunti, Seneti ndiyo inaamua fomula, kila baada ya miaka 5. Gavana akikula hiyo pesa, ni kamati ya Seneti inamwita na ripoti ya Mkaguzi Mkuu mkononi. Na akishtakiwa na MCA wake, ni Seneti inaamua kama anaenda nyumbani. Ferdinand Waititu wa Kiambu alitolewa hivyo Januari 2020, na Mike Sonko wa Nairobi akafuata Desemba mwaka huohuo.

Sasa mtu atasema, hiyo ya kubandua watu tunaijua, tulitazama. Ni kweli. Oktoba 2024 kila kinyozi mtaani kwetu alikuwa ameweka Seneti kwa televisheni, watu wanasikiza mawakili wa Rigathi Gachagua kama mechi ya fainali. Tarehe 17 akaondolewa, makosa 5 kati ya 11 yakithibitishwa. Wasee walijua mpaka majina ya mawakili. Lakini niulize: miezi ileile, Seneti na Bunge la Kitaifa walikuwa wanavutana kuhusu pesa za kaunti zote 47. Nani kwenu alitazama hiyo?

Hebu nieleze, kwa sababu inatuhusu sisi hasa. Kaunti zilikuwa zimetengewa shilingi bilioni 400.1 mwaka huo wa fedha. Tukaandamana, Mswada wa Fedha ukaangushwa. Serikali ikasema basi sasa hakuna pesa ya kutosha, lazima tupunguze. Moja ya vitu vilivyopunguzwa ni mgao wa kaunti. Bunge la Kitaifa likataka ushuke mpaka bilioni 380. Seneti ikakataa. Ikabidi iundwe kamati ya upatanisho, wajumbe sawa kwa sawa kutoka kila nyumba, na mwisho wakakubaliana bilioni 387.4. Hiyo ni karibu bilioni 13 chini ya zile za kwanza, kwa kaunti zote.

Sisemi tulikosea kuandamana. Sitasema hivyo kamwe, na wale waliopoteza watu wao siku ile nawaheshimu. Nasema tulifunga mlango mmoja, mjadala ukahamia mlango wa pili, na sisi tulikuwa tushaenda nyumbani. Wakati watu wazima wanaamua nani atakosa pesa baada ya kodi kukataliwa, hapakuwa na kelele yoyote ya kuwaambia: kateni safari zenu kabla mkate glavu.

Haya, sasa tuingie ndani ya Seneti yenyewe, kwa sababu kuna kitu huko kilinishtua zaidi ya zile bilioni.

Maseneta ni 67, ukiacha Spika. 47 tumewachagua, mmoja kila kaunti. 16 ni wanawake walioteuliwa na vyama. 2 wanawakilisha watu wenye ulemavu. Na 2 wanawakilisha vijana, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ndiyo, tuko na viti viwili vyetu, vimeandikwa kwa Katiba, kifungu cha 98. Nilipoona hivyo nilifurahi. Nikasema basi wakigawa pesa za vyuo vya ufundi, tuko na kura mbili mezani.

Hatuna.

Soma kifungu cha 123. Kwa mambo yanayohusu kaunti, seneta mmoja mmoja hapigi kura. Kaunti ndiyo hupiga. Maseneta wote waliojiandikisha kama wapiga kura kaunti fulani wanakuwa ujumbe mmoja wa hiyo kaunti, na yule mliyemchagua ndiye kiongozi wa ujumbe. Ujumbe mzima una kura moja tu, na yeye ndiye huipiga. Yule kijana aliyeteuliwa anaweza kuongea, anaweza kukaa kwa kamati, anaweza kuleta mswada. Lakini jina la kaunti likiitwa, anayejibu ni kiongozi wa ujumbe, labda kama hayupo na ameacha jina la mwingine. Mambo yasiyohusu kaunti ndiyo kila seneta ana kura yake, na pia kumbandua Rais au Naibu wake, ambapo inahitajika theluthi mbili ya maseneta wote.

Mara ya kwanza nikakasirika. Nilikuwa nimeshaandika hata kichwa cha posti: vijana tumedanganywa. Halafu nikafikiria vizuri, na nikaifuta.

Fikiria Lamu na Nairobi. Nairobi ina watu zaidi ya milioni 4. Lamu ni kama laki moja na nusu. Kwa Bunge la Kitaifa, Nairobi ina maeneo bunge 17, Lamu ina 2. Mahali pekee ambapo Lamu inasimama na Nairobi bega kwa bega ni Seneti, kura moja kwa moja. Sasa ukiwapa maseneta wa kuteuliwa kura kwa mambo ya kaunti, na wengi wao wamejiandikisha mijini, Nairobi itakuwa na kura tano, Lamu itabaki na moja. Ile nguvu ndogo ya kaunti ndogo itakuwa imeyeyuka, na sisi wa mjini ndio tutakuwa tumeiyeyusha, tena kwa jina la vijana. Kijana wa Lamu si kijana?

Na hiyo si hadithi ya kufikirika. Mwaka wa 2020 Seneti ilikuwa inatafuta fomula mpya ya kugawa pesa. Upande mmoja ulisema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani kaunti yenye watu wengi ipate zaidi. Kwa hiyo hesabu Kiambu na Nairobi zingepanda, na Wajir, Mandera, Marsabit na Tana River zingeshuka, kaunti ambazo serikali zilizisahau tangu uhuru. Hoja ikaletwa, ikakwama. Ikaletwa tena, ikakwama. Walikaa hivyo wiki baada ya wiki. Agosti, maseneta 3 wakakamatwa na polisi siku ya kikao. Mwishowe Septemba wakakubaliana: fomula mpya itaanza tu mgao wa kaunti ukipandishwa kutoka bilioni 316.5 hadi 370, ili kaunti yoyote isipoteze. Kama Nairobi ingekuwa na kura tano, unafikiri wangekuwa na haja ya kukubaliana?

Kwa hiyo hapana, sitaki ile kura moja ya kaunti iguswe. Ninachotaka ni kitu kidogo ambacho tayari kimeandikwa na hakuna anayekiuliza. Kifungu hicho cha 123 kinasema kiongozi wa ujumbe anaamua kura baada ya kushauriana na wenzake wa ujumbe. Kushauriana ni lazima, si zawadi. Seneta mteule wa vijana amejiandikisha kaunti yako? Basi seneta wako alipaswa kumsikiza kabla ya kusema ndiyo au la. Je, walikutana? Lini? Mteule alisema nini? Swali hilo sijawahi kuona mtu wa rika letu akiuliza. Ukimuuliza seneta hadharani kila kura, baada ya muda atalazimika kukaa na wenzake kabla, kwa sababu anajua ataulizwa.

Na kuna hesabu nyingine mnafaa kuijua. Hoja inayohusu kaunti inapita tu ikiungwa mkono na wengi wa ujumbe wote. Si wengi wa waliokuja kazini, ni wengi wa wote 47. Yaani 24. Wakija 30, na 23 waseme ndiyo, na 7 waseme la, hoja imeanguka. Seneta ambaye hakuja, yule alikuwa kwa mazishi akipiga siasa ama alikuwa ng'ambo kwa semina, amepiga kura ya la bila kufungua mdomo. Kwa hiyo mtu akikuambia "seneta wetu hakupinga", muulize kama alikuwa ndani.

Najua kuna msee tayari anaandika kwa komenti: Seneti haina meno, hao ni mapambo tu. Naelewa. Wana mipaka kweli. Kodi hawaguzi. Sheria ya kila mwaka ya kugawia kaunti pesa wakiipitisha, Bunge la Kitaifa linaweza kuibadilisha likipata theluthi mbili. Lakini zile bilioni 7.4 zilizorudi juu ya 380 hazikurudi zenyewe. Mswada mwingine wowote unaohusu kaunti lazima upite nyumba zote mbili, na zisipopatana hata baada ya kamati ya upatanisho, umekufa. Hayo ni meno. Swali ni nani anauma kwa niaba ya nani.

Mwingine atasema shida si Seneti, ni gavana. Pesa inafika, inaliwa huko. Nakubali nusu. Lakini ni nani aliyepewa kazi ya kumwangalia gavana? Kamati za Bunge zina nguvu ya kuita mtu kama Mahakama Kuu inavyoita. Shida ninayoiona mimi ni kwamba kiti cha seneta kimegeuka ngazi. Angalia Nairobi. Seneta wa kwanza chini ya Katiba hii alikuwa Mike Sonko, akawa gavana. Wa pili alikuwa Johnson Sakaja, akawa gavana. Na inaenda pande zote: Kenneth Lusaka alikuwa gavana wa Bungoma, akawa Spika wa Seneti, akarudi kuwa gavana wa Bungoma. Amason Kingi alikuwa gavana wa Kilifi, sasa ni Spika. Sisemi yeyote kati yao alifanya kosa kwa kuhama. Sheria inaruhusu. Nasema mtu anayekutaka kiti chako ana sababu mbili mbaya za kukukagua: anaweza kukukaba ili uanguke hata kama hujaiba, au anaweza kukuachia ili naye akifika huko aachiwe. Ni mwananchi anayetazama tu ndiye hufanya ukaguzi uwe ukaguzi.

Na tusidhani Seneti ni lazima iwepo milele. Tulikuwa nayo wakati wa uhuru, 1963, maseneta 41. Serikali za majimbo zikanyang'anywa nguvu kwanza, na mwishoni mwa 1966 Seneti nayo ikamezwa na nyumba ile nyingine. Tukakaa bila Seneti mpaka uchaguzi wa 2013. Ni miaka zaidi ya 40 ambapo mtu wa Wajir au Lamu hakuwa na nyumba ya kusema hapana. Kitu kisicho na watu wa kukitetea huondolewa bila vita.

Sasa tufanye nini? Sitaki mtoke hapa na hasira tu, hasira mimi niliuza sana na haikununua glavu.

Moja, jua jina la seneta wako, na ujue ni mteule gani amejiandikisha kaunti yako. Andika majina hayo kwa simu kama unavyoandika namba ya boda.

Mbili, vikao vya Seneti na kamati zake viko wazi, kifungu cha 118 kinasema hivyo, na vingi hurushwa mtandaoni. Siku gavana wenu anaitwa na kamati ya hesabu, tazama. Inachosha, sitadanganya. Lakini klipu moja ya gavana akishindwa kueleza pesa za dawa ina maana kuliko video kumi zangu nje ya geti.

Tatu, andika ombi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Heshima tu, bila matusi. Likisomwa, linapelekwa kwa kamati, na kamati ina siku 60 za kujibu. Hakuna mahali pameandikwa lazima uwe na digrii au uwe na wakili.

Mimi ombi langu nimeshaanza kuliandika. Linauliza mambo mawili: hospitali ile ilitengewa pesa ngapi za vifaa mwaka ule, na zilifika ngapi. Nikimaliza nitaliweka hapa mlione kabla ya kulipeleka, na mama yule wa komenti, kama bado uko hapa, naomba unisomee kwanza. Nisamehe ile emoji.

Kwa mbunge niliyemtaja: kwa mambo mengine bado nina maswali na wewe, lakini kwa hilo la glavu nilikukosea.

Ndugu yangu plasta ilitolewa, mkono umepona, amerudi uwanjani. Kodi ya mwezi ule tulilipa kwa kuchelewa, na mwenye nyumba alituongelesha vibaya mbele ya majirani. Video yangu haikubadilisha kitu kwa hiyo hospitali. Wiki iliyopita jirani alipeleka mtoto wake pale, akarudi na karatasi ileile, mwandiko tu ndio tofauti.

Haya, tuonane kwa komenti. Na usianze kunitukana kabla uandike hapo chini: seneta wako ni nani?